Mizinga ya Buluu ya Shemeji

Meza yangu ya kukatia vitambaa ni ndefu kuliko kitanda, nayo ndiyo iliyoniponza. Mimi ni mshonaji. Jumatatu hadi Jumamosi juu ya meza hiyo hupita suruali za walinzi, sare za wanafunzi na magauni ya watu wanaotaka kuonekana wembamba bila kupungua. Jumapili, siku ambayo mtu mwenye akili zake angelala mpaka mgongo uchoke, shemeji yangu huja na maboksi yake, hutandika shuka la kijani juu ya meza yangu, na vita vinaanza.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Mtaani wanamwita Fundi Meno. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya kliniki ya meno. Daktari anachukua umbo la kinywa cha mgonjwa kwa plasta, analituma huko nyuma, na Shemeji anachonga nta, anapika plastiki ya waridi inayofanana na fizi, anapanga meno, anasugua mpaka yang'ae. Nusu ya wazee wa mtaa huu wakicheka, kinachoonekana ni kazi ya mikono yake. Mwenyewe hacheki ovyo. Miaka yote ya kuinamia vinywa vya watu asiowajua imempinda mabega, na akirudi nyumbani hukaa kwanza kwenye kiti cha mlangoni, viatu hajavua, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa ndani.

Vita vyenyewe ni vya mezani. Askari hawazidi kidole gumba, wamevaa kofia za pembe tatu, na wanapigana vita vya Ulaya vya karne ya kumi na nane kwa kurusha dadu na kupima hatua kwa tepu yangu ya kushonea. Usiniulize aliambukizwa wapi ugonjwa huu. Au niulize, maana nakijua kisa. Kuna boksi la meno lililotoka ng'ambo likiwa limejazwa karatasi zilizokunjwakunjwa ili meno yasigongane. Shemeji alizikunjua, akakuta ni kurasa za jarida la watu wazima, wenye ndevu zao, wanaocheza vita kwa sanamu. Akazipiga pasi, tena pasi yangu, na tangu siku hiyo tukampoteza.

Wenzake ni wawili. Mmoja ni Mstaafu, aliyekuwa karani wa posta na bado huongea kama mtu aliye nyuma ya kioo. Mwingine ni Winchi, anayeendesha winchi ya kupakulia makontena, mtu mwenye vidole vinene kama mishumaa na moyo laini kama wa mtoto. Askari wao huwaagiza kutoka ng'ambo. Mizinga hawaagizi. Mizinga Shemeji anaitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya ile ile plastiki ya fizi. Mzinga unapotoka kwenye plasta unakuwa wa waridi mtupu, mtutu wa waridi, magurudumu ya waridi, ungedhani ni kitu kilichong'olewa mdomoni mwa mtu.

Hapo sasa ndipo unapomjua Shemeji ni mtu wa namna gani. Gurudumu la mzinga wa zamani, kwa maelezo yake ambayo nimeyasikia mpaka nayaota, halikuwa bapa. Spoki zake ziliinama kidogo, gurudumu likawa na bonde kama sahani ya supu, na bonde hilo lilitazama nje, ili gari la mzinga likivutwa na farasi na kuyumba kwenye mashimo spoki zihimili uzito. Siku moja Winchi aligandisha magurudumu yake, bonde likatazama ndani. Shemeji aliinama, akautazama mzinga ule.

"Toa," alisema.

"Gundi imeshakauka, Fundi."

"Toa tu."

"Jamani! Nani atakayeona?"

"Farasi."

"Farasi wenyewe wa plastiki!"

"Ndiyo maana hawasemi."

Winchi akatoa, akavunja spoki, na Jumapili nzima ikaishia kwenye kutengeneza gurudumu moja. Mstaafu naye alikiuka desturi, akanunua mzinga wenye skrubu ya kunyanyulia mtutu. Shemeji akamwambia kwamba jeshi lile, mwaka ule wanaoucheza wao, lilikuwa bado linanyanyua mitutu kwa kabari ya mbao inayogongwa kwa nyundo, na akakaa akachonga kabari ndogo kama punje ya mchele. Spoki zake huzichonga nyembamba kwa kipimo cha kweli, ndiyo maana zinakatika ukizipumulia. Ukimwambia azinenepeshe kidogo ili watu wacheze kwa raha, anakutazama kana kwamba umemwambia amwekee mgonjwa jino la juu katika fizi ya chini.

Kwa kila kitu Shemeji ni mtu wa kalipa, kile chombo chake cha kupimia unene, isipokuwa rangi. Si kwamba hazijali. Hazioni, tangu kuzaliwa. Kijani, zambarau, kahawia, buluu, kwake yote ni majina ya nguo moja iliyofuliwa mara nyingi. Kazini haimsumbui kwa kuwa meno huja na namba zake. Nyumbani alikuwa na dada yangu. Dada alimchagulia shati, akamkunjia soksi mbili mbili, na mizinga yote aliipaka yeye.

Dada yangu katika ujana wake alikuwa akipaka mabango ya maduka. Mkono wake ulikuwa hautetemeki hata ukimpigia kelele sikioni, nami nilijaribu. Shemeji alimsomea kutoka kwenye zile kurasa: zamani kila ufalme ulipaka mbao za mizinga yake rangi yake, Waaustria manjano, Waprusi buluu iliyopauka, vyuma vikawa vyeusi. Jeshi la Shemeji ni la Waprusi, Wajerumani wa enzi hizo. Basi dada akawa anachanganya buluu na nyeupe na tone la nyeusi juu ya kifuniko cha kopo, na mizinga ya waridi ikageuka kuwa mizinga. Jioni, kabla taa haijawashwa, wawili hao walikuwa wakikaa dirishani, Shemeji anakwangua, dada anapaka. Watoto wao wote wameshaondoka na kuanza maisha yao mbali. Maneno yalikuwa yamepungua ndani ya nyumba ile. Ukiondoa "chumvi iko wapi" na "kesho narudi mapema", yaliyobaki yalikuwa ya mizinga.

Sasa niseme jambo ambalo nyumba ile nzima ililikalia kimya. Dada alikuwa anapoteza macho.

Mimi nililiona kwa mambo madogo. Alikuja kwangu na nguo ya kubadilisha zipu, akaniambia nimtungie uzi, yeye aliyenifundisha mimi kutunga uzi. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kuongea huku sahani inajaa. Na Shemeji akaanza kuja vitani Jumapili na soksi moja ya kahawia na moja ya kijani. Nikamuuliza dada.

"Taa za nyumba ile mbaya," alisema.

"Soksi anavaa mchana, dada."

"Basi mchana mbaya."

Nilijua anachokikimbia. Mama yetu alishikwa na mtoto wa jicho akiwa mzima wa afya. Alipelekwa kufanyiwa upasuaji huku akiona kivuli cha mlango, akarudi hata mlango hauoni. Sijui kilichoharibika, hatukuelezwa, na enzi zile mtu hakuuliza. Dada ndiye aliyemshika mkono kwa muda wote uliobaki. Kwa hiyo kila nilipotaja kliniki alikuwa akinitazama, au akitazama upande niliopo, na kusema ana shughuli.

Mizinga yenyewe niliiona ikibadilika, sitasema sikuiona. Nilidhani ni jeshi lingine. Ningejuaje? Kwangu mimi wote wale ni watu wadogo wanaonijazia gundi kwenye meza.

Yalikuja maonyesho. Wapenzi wa vita vya mezani walikodi ukumbi wa shule, madirisha makubwa pande zote, na Shemeji akaenda na mizinga yake yote, ameipanga kwa safu tangu wa kwanza kutengenezwa mpaka wa mwisho, kila mmoja na farasi wake. Mimi nilikwenda kwa sababu shuka la kijani nilishona mimi. Dada alisema kichwa kinamuuma.

Mwamuzi alikuwa bibi mmoja mrefu mwenye lenzi inayoning'inia shingoni, na mwendo wa mtu anayeumwa magoti. Aliinama juu ya safu ya Shemeji na hakuinuka upesi. Aligusa gurudumu kwa ncha ya kalamu. Alitazama kabari, akatabasamu. Winchi alinifinya bega kwa furaha, nikawa na alama jioni nzima.

"Hii kazi sijaiona kwingine," yule bibi alisema. "Magurudumu yamekaa inavyopaswa. Lakini naomba kuuliza, kwa nini ulibadilisha rangi?"

"Sijabadilisha rangi," Shemeji alisema.

"Huu wa kwanza ni buluu safi. Huu wa pili na wa tatu vilevile. Kuanzia hapa inaanza kupotea. Hapa imeingia kijivu. Na huu wa mwisho," alisema kwa upole, "ni kijani."

Shemeji alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika hadharani. Alisema mpakaji ni yule yule, chupa ni zile zile, na kama kuna tatizo liko kwenye madirisha ya ukumbi. Yule bibi hakubishana, alisema tu samahani, akasogea meza nyingine. Shemeji akanigeukia.

"Shemeji, wewe unashinda na nyuzi. Tazama useme."

Katika mkoba wangu hazikosekani nyuzi. Nilitoa viviringo, nikaanza kuweka kimoja kimoja pembeni ya mzinga, ninavyofanya mteja akileta kitambaa. Wa kwanza ulikubali uzi wa buluu iliyopauka. Katikati ya safu nilitafuta, nikaishia kwenye kijivu. Kwenye ule wa mwisho nilikaa na kiviringo cha kijani mkononi na sikutaka kukiweka. Nilikiweka. Kilikubali kabisa.

Shemeji hakuhitaji kuona rangi ya uzi. Alitazama uso wangu. Kisha akatazama safu yake tangu mwanzo hadi mwisho, taratibu, yule mtu anayeweza kukwambia spoki imepinda kwa unene wa unywele, na nikaona ameelewa safu ile inasema nini.

"Dada yako haoni," alisema.

Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za ukumbi. Nilimfuata. Alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, soksi ya kahawia huku, ya kijani kule. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na ulivyoniuma nikakasirika zaidi, ndivyo nilivyo.

Tulipofika nyumbani hakukaa kiti cha mlangoni. Aliingia moja kwa moja, akatoa mzinga wa mwisho kwenye boksi, akamwekea dada kiganjani.

"Mama watoto, mzinga huu una rangi gani?"

"Umelewa? Buluu."

"Shemeji?" akaniuliza mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Kijani," nilisema.

"Kijani kipi?" Dada alinigeukia kwa ukali.

"Cha majani, dada. Kijani kabisa."

Aliupeleka mzinga mpaka karibu na pua. Aliugeuza. Kisha akauweka mezani kwa uangalifu, magurudumu chini, asije akavunja spoki, na akasema haendi popote. Alisema mama alikwenda akiona mlango. Alisema yeye bado anaona mlango, anaona dirisha, anaona kama kuna mtu, na hivyo vinamtosha. Shemeji akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema sioni, wewe jioni utaniletea nini?" dada alisema. "Utakaa pale mlangoni na viatu vyako mpaka usinzie. Tutaongea nini, wewe na mimi?"

Mtu mwingine angemshika mkono. Shemeji yangu alisimama, akasema hatatengeneza mzinga mwingine mpaka mkewe aende akapimwe. Sijapata kuona mtu mwenye vipimo vingi hivyo akakosa kipimo cha maneno. Kitu kile kile dada alichokuwa anaogopa kunyang'anywa ndicho alichomnyang'anya, hapo hapo, mbele yangu. Dada aliingia chumbani na mlango ukafungwa.

Zilifuata siku ndefu. Shemeji alikwenda kazini, akarudi, akakaa mlangoni. Dada alipika kwa kupapasa. Hawakugombana, afadhali wangegombana. Mstaafu na Winchi walipita kwangu Jumapili kuuliza, wakasimama kando ya meza tupu kama watu waliokuja msibani bila kujua aliyefariki. Winchi alinong'ona kwamba tunaweza kusema ile mizinga ya kijani ilitekwa kutoka kwa adui, maana zamani majeshi yaliteka mizinga na kuitumia hivyo hivyo na rangi zake. Mstaafu alisema ni wazo zuri kihistoria. Nilipompelekea Shemeji wazo hilo alitikisa kichwa.

"Haikutekwa," alisema. "Ni yetu."

Nami Jumapili yangu niliyoililia miaka yote nikawa nimeipata. Nililala mchana kutwa, nikaamka na hasira.

Dada alinijia siku moja na chupa zake za rangi kwenye mfuko. Alitaka nizifungie nyuzi shingoni, fundo moja kwa buluu, mafundo mawili kwa nyeupe, ili azijue kwa kugusa, halafu amwambie mume wake macho yamepata nafuu. Nilikuwa nimeshona sare tangu asubuhi, vidole vimevimba.

"Dada, mimi nimechoka," nilimwambia. "Nachoka hapa, nachoka kwako, nimechoka kuwatazama mnavyozungukana ndani ya nyumba moja. Sifungi fundo lolote. Nenda kapimwe."

Alikusanya chupa moja moja, na moja ilibaki mezani kwa sababu hakuiona, nikamkimbilia nayo mlangoni.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa kwao mchana, nakunja pindo la mapazia, sindano mdomoni. Shemeji alirudi mapema. Alipita kiti cha mlangoni, akaenda kukaa dirishani mbele ya dada, mahali pake pa zamani. Akatoa kitu mfukoni kilichofungwa kwenye kitambaa cha kusugulia meno.

"Nimepaka mmoja," alisema.

"Nani? Wewe?"

"Mimi."

Dada alinyoosha mkono. Alipapasa magurudumu, akaridhika nayo, akainua mzinga kwenye mwanga. Aliusogeza karibu, akausogeza mbali, akainamisha kichwa huku na huku kama mtu anayesikiliza.

"Umeweka rangi gani?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliyepaka?"

"Nilichukua chupa zilizokuwa karibu, nikachanganya. Nikangoja mpaka nifike nyumbani. Nilitaka uniambie wewe."

Dada alitazama tena. Sikuwahi kuona mtu anatazama kwa nguvu vile. Machozi yalianza kumtoka, sijui ni ya kukaza macho au ya kitu kingine, na akaushusha mzinga mapajani.

"Sioni, baba watoto."

Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo.

"Hata mimi," Shemeji alisema.

Wakakaa hivyo, mzinga kati yao, watu wawili na macho manne, na hakuna kati yao anayejua wana rangi gani mkononi. Kisha, kwa pamoja, wakanigeukia mimi.

Mimi nilikuwa naiona. Ilikuwa zambarau. Zambarau iliyoiva, na vyuma, ambavyo karne nzima ile vilikuwa vyeusi, amevipaka nyekundu. Kitu cha kutisha. Nilitoa sindano mdomoni.

"Mimi sisemi," nikasema. "Mkitaka kujua, nendeni kliniki."

"Mdogo wangu!"

"Sisemi."

"Una roho mbaya wewe, tangu utotoni."

"Ninayo. Sisemi."

Dada alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akalia humo humo ndani ya kicheko, na Shemeji, ambaye hacheki ovyo, akaegemea ukuta mabega yakimtikisika. Walipotulia dada alifuta uso kwa pazia langu nililokuwa nimelipiga pasi. Akamuuliza kama atakuwa karibu. Shemeji alisema atakuwa pale pale. Akamuuliza itakuwaje yeye akirudi kama mama. Shemeji alifikiri, maana yeye hasemi jambo asilolipima.

"Tutakaa hapa hapa," alisema. "Nitakuletea ushike, uniambie kama bonde liko nje."

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anayechelewesha upasuaji ndiye anayeuongezea ugumu. Wangeanza na jicho moja. Habari za mama hakuweza kuzisemea. Shemeji alitaka kujua kipenyo cha lenzi watakayoweka, na unene wake, na inashikiliwa na nini. Daktari alimjibu yote, akanitazama kama anayeuliza huyu ni nani, nikamwambia ni fundi.

Siku yenyewe tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Shemeji alikuwa na kalipa mfukoni, anaifungua na kuifunga, tiki, tiki, mpaka mama mmoja akahama benchi. Nilimwambia aache, akaacha, kisha akaanza tena. Nilimwona mama yetu kila mlango ulipofunguliwa, na mimi si mtu wa kuona waliokufa.

Bandeji ilitolewa kesho yake asubuhi. Nesi alimkalisha dada upande wa dirisha, akabandua taratibu, akampangusa, akamwambia afungue jicho bila haraka. Dada alifungua. Alitazama dirisha. Alitazama ukuta, kalenda, mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kisha akamtazama mume wake, aliyesimama mbele yake na boksi la meno kifuani, kuanzia kichwani kushuka chini mpaka miguuni.

"Soksi zako," alisema. "Moja kahawia, moja kijani. Umekuja na hizo mbele za watu?"

Nilikaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine bila kuomba. Shemeji alifungua boksi, akampa mzinga wa kwanza.

"Buluu," dada alisema.

Akampa wa mwisho. Dada aliushika muda mrefu. Aliuzungusha kwenye mwanga, na uso ukamshuka.

"Kumbe nilikuwa nimefika huku," alisema polepole. "Na bado nilikuwa nakubishia."

Akampa wa zambarau. Alicheka mpaka nesi akaja kumkataza, kwamba jicho bado bichi. Halafu akafanya kitu cha ajabu. Alifunika lile jicho jipya kwa kiganja, akatazama mizinga kwa lile la zamani, akabadilisha, akarudia. Alimweleza mume wake kwamba kwa jicho la zamani ule wa kijani bado ni buluu, angeweza kuapa, na kwa hili jipya ni majani matupu. Shemeji alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza mambo ya magurudumu. Kisha dada akamgeuzia yeye jicho lile la zamani, akahamia jipya, akarudi kwa la zamani.

"Nini?" Shemeji aliuliza.

"Kwa hili la zamani wewe ni yule yule, hata mvi huna," dada alisema. "Kwa hili jipya umezeeka, mume wangu. Umechoka. Una mistari mpaka shingoni. Umechoka hivi tangu lini?"

Shemeji alisogeza mguu wenye soksi ya kijani nyuma ya ule mwingine.

"Basi hilo la pili tuliache kama lilivyo," alisema.

"Hapana." Dada aliondoa kiganja. Alikuwa akilia kwa macho yote mawili, na nesi amekata tamaa. "Nenda kamwambie daktari anipangie siku. Nataka kukuona sawasawa."

Shemeji aliniachia boksi nishike, akaenda kumtafuta daktari.